Shangazi, macho ya mdogo wangu yalipanda juu yakagoma kushuka

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Mikindani, ila kwetu hasa ni Tandahimba. Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, fundi cherehani. Shida yangu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, kijana wa miaka 24.

Alikuwa chuo anasomea umeme. Mwaka jana akaanza kujitenga. Mara redio ya jirani inamtaja jina, mara wenzake chuoni wanasoma mawazo yake. Akarudi nyumbani, akaacha kuoga, usiku anazunguka chini ya mikorosho akijibizana na watu tusiowaona. Mwezi wa tisa nikamfuata, nikamleta mjini hospitali. Daktari alikaa naye karibu saa nzima, akatuhoji na sisi, akamtoa damu akapime, mwisho akasema ni skizofrenia. Akaandika vidonge vya haloperidoli. Kichwa hakukipima kwa mashine yoyote.

Siku ya tatu ya dawa, asubuhi, nimemwekea chai na muhogo kwenye mkeka, naona haigusi. Kainua kichwa, shingo imepinda nyuma, macho yamepanda juu kwenye makuti, weupe mtupu. Mate yanamtoka. Nikamwita, akanijibu kwa taabu, "Dada, yananivuta." Basi hilo tu. Ilichukua kama saa nzima. Mjomba akafika, akasema jini limejionyesha. Akaletwa mtu wa kufukiza ubani, na kweli baada ya muda macho yakashuka. Tangu siku hiyo mjomba kakataza vidonge, na unajua huku kwetu mjomba akishasema. Sasa ni mwezi wa kumi na moja na mdogo wangu amerudi kulekule kwenye mikorosho usiku.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yeye hataki mganga wala hataki vidonge. Kasoma kwenye simu kwamba wataalamu wa Uskoti wana kipimo cha macho kinachotambua ugonjwa huu kwa asilimia 98, na kwamba ubongo wa mgonjwa ukipigwa picha unaonekana umejaa maji. Anasema daktari alibahatisha. Pesa ya korosho ya mnada wa pili imeingia, na yeye kapiga hesabu: nauli, kulala Dar na kipimo cha MRI, milioni moja na laki mbili. Hiyo ndiyo karibu yote tuliyopata.

Halafu kuna langu mwenyewe. Baada ya kusikia habari za macho nikaanza kumchunguza. Siku tumekaa ng'ambo ya Msangamkuu, kivuko kinakuja, watu wote wanakitazama, yeye macho yanarukaruka kama anahesabu nguzo. Nyumbani nikampitishia biro mbele ya uso, yakaruka. Nikamwambia binti yangu anipitishie na mimi huku simu inarekodi. Shangazi, na yangu yanaruka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nami naelekea huko? Na wanangu? Na ile pesa, twende Dar au tusiende?

Dada Mtu, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na asubuhi ile ya chai na muhogo, mengine yatasubiri. Kilichompata mdogo wako ni dawa. Jini halimo, na ugonjwa haukuwa umezidi. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka mingi huku kusini, na picha uliyoichora naijua kama njia ya kwenda sokoni: kijana wa kiume, haloperidoli, siku za mwanzo mwanzo, shingo nyuma, macho juu. Dawa hizi hutuliza sauti na hofu kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Kemikali hiyohiyo ndiyo inayosaidia misuli ikaze na kulegea kwa mpango. Ikizuiwa ghafla, kwa wengine misuli ya macho, shingo, taya au ulimi hukaza na kubaki imekaza. Vijana wa kiume ndio hupata zaidi.

Umeniandikia neno moja ambalo limenisaidia kuliko yote: "Dada, yananivuta." Mtu aliyeanguka kifafa kikubwa hakujibu, hajui hata kama umemwita. Mdogo wako alikuwa na akili zake zote, anaumia na anaogopa, na alikueleza sawasawa kinachotokea mwilini mwake. Sisi tuliomzunguka ndio hatukumwelewa.

Na ubani? Mkazo huu hupita wenyewe, kwa mwingine dakika chache, kwa mwingine saa kadhaa. Umesema mtu wa ubani aliitwa mambo yakiwa yameshaendelea. Alifika mkazo unaelekea kuisha, basi sifa akachukua yeye. Hospitalini angechomwa sindano ya promethazini au dawa nyingine ya kulegeza misuli, na mara nyingi ndani ya nusu saa kijana anauliza chai yake iko wapi. Kisha hupewa vidonge vya benzeksoli, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Artane, avinywe pamoja na dawa kuu kwa muda. Au daktari hupunguza dozi, au humbadilishia dawa. Zipo zenye tabia hii kidogo, kama olanzapini, ingawa hiyo nayo ina yake, hunenepesha. Kosa langu na la wenzangu ni hapa: mgonjwa anapopewa pakiti ya kwanza, ndugu anayemhudumia aambiwe, "Macho yakipanda, usiogope, mlete saa hiyohiyo." Sentensi moja. Ungeambiwa, mjomba asingepata nafasi ya kutaja jini.

Kwa hiyo kesho, wala si wiki ijayo, mrudishe kwa daktari na pakiti ya vidonge mkononi. Simulia kama ulivyonisimulia mimi, mpaka mate na makuti. Usimwanzishie dawa mwenyewe nyumbani kwa dozi ya zamani. Na akishaanza tena, ukiona mkazo unamzuia kumeza au kupumua, au ana homa kali, mwili mgumu kama gogo na anachanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri bodaboda ya jirani arudi. Tafuta usafiri wowote.

Sasa shemeji. Usimbeze, alichosoma kipo. Shida ni kwamba kasoma kichwa cha habari, akaishia hapo.

Habari ya macho ni ya zamani kuliko bibi yangu. Mwaka 1908 kule Marekani, Allen Diefendorf na Raymond Dodge waliwapa wagonjwa kitu kinachobembea wakifuate kwa macho, kama timazi la saa ya ukutani. Macho ya wagonjwa wengi wa aina hii yalishindwa kukisindikiza kwa mserereko. Yanachelewa, kisha yanaruka kukikimbilia, yanachelewa tena. Jambo likalala usingizi mpaka mwaka 1973, Philip Holzman alipolifufua, na baadaye yeye na wenzake wakakuta kwamba hata ndugu wa damu wa wagonjwa, watu wazima wanaofanya kazi zao bila tatizo lolote, sehemu kubwa yao macho yanarukaruka vilevile. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Kuna na kipimo kingine kinachofanana na mchezo wa watoto. Unakaa mbele ya kioo cha kompyuta, mwanga unawaka kulia, wewe unatakiwa utazame kushoto. Jicho kwa asili yake linakimbilia mwanga. Kulizuia ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayotuzuia pia kutamka kila linalotujia kichwani. Wagonjwa wa skizofrenia hukosea mchezo huu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ndiyo maana watafiti wanapenda macho: wanayatumia kama dirisha la kuchungulia jinsi ubongo unavyojizuia na jinsi unavyokisia kitu kinakwenda wapi.

Hao wa Uskoti ni wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, mwaka 2012. Walichukua wagonjwa 88 na watu wazima wa afya 88, wakawaonyesha picha, wakawafuatishia vitu vinavyotembea, wakawaambia wakazie macho mahali pamoja. Kompyuta ikaweza kuwatenganisha kwa kiwango hicho cha 98. Ni kazi nzuri. Lakini mwulize shemeji: kwenye chumba kile, wagonjwa walikuwa wanajulikana tayari kuwa ni wagonjwa, na wa afya wanajulikana kuwa ni wa afya. Daktari wako hakuwa na swali hilo. Yeye alikuwa na kijana mmoja mbele yake, na swali lake lilikuwa: hii ni skizofrenia, au ni bangi, au ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au ni malaria imepanda kichwani, au ni kaswende au virusi vya UKIMWI vimefika kwenye ubongo? Macho hurukaruka pia kwa mwenye ugonjwa wa hisia, kwa aliyelewa, kwa aliyekunywa dawa za usingizi, kwa aliyekesha. Kumtenga mbuzi na kuku ni rahisi. Kumtenga mbuzi na mbuzi ndiyo kazi.

Saa nzima ile ya maswali, pamoja na damu aliyoitoa, ndicho kipimo chenyewe. Mpaka leo, Muhimbili, Mirembe au huko Ulaya, ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa, kuwasikiliza waliokaa naye, na kuondoa sababu nyingine. Najua haina mvuto wa mashine.

Na "ubongo uliojaa maji"? Hapo napenda mwelewe vizuri, maana ndipo pesa ya korosho inapotaka kwenda.

Ndani ya ubongo wa kila mtu, wako na wangu, mna vyumba vyenye majimaji. Huitwa ventrikali. Mwaka 1976 kule Uingereza, Eve Johnstone na wenzake waliwapiga picha ya kichwa wagonjwa 17 waliokaa hospitalini muda mrefu, wakaona vyumba hivyo, kwa wastani, ni vikubwa kuliko vya watu wa afya. Baada ya hapo tafiti nyingi zimeona vilevile, pamoja na sehemu inayohusika na kumbukumbu, hipokampasi, kuwa ndogo kidogo, na tabaka la juu la ubongo kuwa jembamba kidogo. Sikia maneno yangu: kwa wastani, kidogo. Ukiwapanga wagonjwa mia upande huu na watu wa afya mia upande ule, tofauti inaonekana. Ukimchukua mmoja tu, huwezi kusema katoka upande upi, kwa sababu watu wa afya nao wana vyumba vya kila saizi, kama miguu.

Uchunguzi ninaoupenda kuliko yote ulitoka Marekani mwaka 1990. Walitafuta mapacha wa kufanana, jozi 15, ambapo pacha mmoja ana skizofrenia na mwenzake hana. Wakazipanga picha za ubongo mbilimbili, ya huyu na ya huyu. Katika jozi 12, mtu aliweza kumtambua mgonjwa kwa kuangalia tu: vyumba vyake vimepanuka. Unaona kilichohitajika? Ilihitajika picha ya pacha wake ndipo tofauti ijitokeze. Mdogo wako hana pacha. Atalala kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati, na yawezekana kabisa majibu yakarudi yameandikwa kwamba ubongo hauna kasoro. Kisha mtapanda basi kurudi, mtamkuta mjomba barazani, na majibu yale ndiyo atakayoyashika: "Si nilisema? Mashine yenyewe imeona hana ugonjwa. Ni jini." Milioni moja na laki mbili zitakuwa zimemnunulia mjomba ushahidi.

Sisemi picha ya kichwa haina kazi. Kama kijana alipigwa kichwani au alianguka mnazi au mkorosho kabla ya haya kuanza, kama anaanguka kifafa, kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, kama kichwa kinamuuma kila kukicha na anatapika, kama haya yamemwanza mtu ghafla akiwa na miaka sitini, hapo daktari mwenyewe ataitaka. Katika barua yako sioni hata moja. Muulize kesho, umtajie hivyo vitu kimoja kimoja. Akisema haihitajiki, basi.

Twende kwenye biro.

Fanya hivi leo usiku watoto wakilala. Kaa mbele ya ukuta mtupu, jaribu kuyapeleka macho taratibu, bila kuruka, kutoka kona moja hadi nyingine. Hutaweza. Utadhani yanateleza, lakini yanaruka hatua kwa hatua. Hivyo ndivyo Mungu alivyoyaumba. Jicho haliwezi kuserereka bila kitu kinachotembea cha kukifuata. Hata ukisoma barua hii yanaruka, mara tatu hivi kila sekunde, nawe huhisi. Sasa binti yako, mkono wa mtoto, anapitisha biro mara mbio mara pole, mwanga wa kibatari au wa simu, mama mtu hajalala wiki nzima. Yasingeruka ningeshangaa. Wenye kupima hili wana mashine inayosoma jicho mamia ya mara kwa sekunde, na bado wanabishana.

Na hata kama macho yako yana kasoro ya kweli, rudi kwa Holzman: ndugu wengi wa wagonjwa wanayo, na hawaugui. Katika ndugu 100 wa tumbo moja na mgonjwa, wanaopata ugonjwa huu ni kama 9. Kwa watu kwa jumla ni kama 1 katika 100, kwa hiyo ndiyo, hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani, sitakuficha. Lakini 91 hawaupati, na wewe una miaka 31, unashona, unapiga hesabu, unapanga safari za wenzio. Kwa watoto wako, ambao yeye ni mjomba wao, hatari ni ndogo kuliko yako. Ukitaka kuwalinda kwa kitu kinachoshikika, wakifika umri wa ujana wakae mbali na bangi. Hiyo inajulikana kuongeza uwezekano wa kuchanganyikiwa, hasa kwenye familia kama yenu. Na mdogo wako vivyo hivyo, na uraka, ile pombe ya mabibo, wa msimu huu asiuguse.

Kuhusu siku ya kivuko, sijui alichokuwa anakitazama. Labda ni ugonjwa. Labda alikuwa anasikiliza kitu. Labda kivuko kinamchosha kama kinavyonichosha mimi. Mwulize. Nahisi siku hizi mnamtazama macho mno mkasahau kuongea naye.

Amebaki mjomba, na huyo ndiye mzito. Mimi ni wa huku, najua kwa Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba. Ukimpinga mbele ya watu umeharibu. Nenda kwake peke yako, na mama yako kama anaweza. Usiende na habari za Aberdeen. Nenda na hii: "Mjomba, ile siku ya macho, daktari anaweza kuizuia isitokee tena. Twende wote ukamsikie." Mpe kiti cha mbele. Mwombe daktari ayaongee na yeye mambo ya dawa na ratiba, yeye ndiye awe mshika pakiti. Nimeona wajomba waliokataa vidonge wakigeuka kuwa wakali wa saa kuliko sisi wauguzi. Dua na ubani wakitaka waendelee, mimi sigombani na ubani. Ninachogombana nacho ni kufungwa kamba, kunyimwa chakula, kupigwa, na dawa za kunywa zisizojulikana juu ya vidonge vya hospitali. Hayo kataa, hata kwa mjomba.

Kama kurudi kwa daktari yule kunawapa aibu, hospitali za rufaa za mkoa, Ligula hapa Mtwara na Sokoine kule Lindi, ndipo pa kuulizia kliniki ya afya ya akili. Uliza na msamaha wa gharama, na kama ipo sindano ya mwezi mmoja mmoja, akishatulia, ili nyumba isigeuke uwanja wa kugombania vidonge kila asubuhi. Msitegemee wiki mbili. Akipata nafuu, dawa huendelea mwaka mmoja mpaka miwili kwa uchache, na hapo ndipo familia nyingi huteleza: anaonekana mzima, wanaacha, msimu unaofuata yuko tena mikoroshoni. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia hupona kabisa, na wengi katika waliobaki huishi nayo wakifanya kazi.

Kwa hiyo ile pesa. Toa nauli za Tandahimba na Mtwara za miezi kumi na miwili, uziweke pembeni kwenye bahasha yake, isiguswe hata kwa msiba. Toa ya dawa kwa siku ambazo duka la hospitali litakuwa tupu, maana zitakuwepo. Shemeji, kwa kuwa ana bando na anapenda kusoma, mpe kazi ya kuweka kengele ya dawa kwenye simu na kuandika kila kitu kinachobadilika: kalala saa ngapi, kala nini, sauti zimepungua au zimezidi. Karatasi hiyo daktari ataitumia kuliko picha ya MRI. Zikibaki laki mbili tatu, mnunulie mdogo wako koleo na bisibisi zake za umeme, azione pale zilipo.

Na ile biro mrudishie binti yako, ana shule kesho.

Shangazi